Duara Nyeupe ku Meza ya Libuyu

Mimi nilisoma mpaka ya tatu primaire, basi. Mais nyumba yangu ya Bulengera ni ya matofali ya kuchoma, na mu salon kuko meza ya libuyu, mbao nyekundu nzito ya kupakwa verni, mafuta ya kungarisha, yenye nilinunua na jasho yangu. Hakuna mutu alinisaidia. Batu bengine banafunika meza zao na vitambaa vya kufuma. Mimi nilikataza. "Acha verni ingae," nilimwambia bibi, mke wangu, "bageni baone."

Donc siku bakwe, wazazi wa bibi, walitoka Alimbongo, bibi alitua sahani ya bukari, ugali ya moto, pale pale ku mbao. Kuinua: duara nyeupe. Mama mukwe akaitazama, akapitisha kidole juu yake. Haya ilinishika. Walipoenda nikachukua petroli, nikasugua kwa nguvu, vile ninasuguaka moto yangu, pikipiki. Mungaro ukafa pembeni, duara ikabaki.

"Tuite ule fundi wa Beni," bibi akasema.

Nilijua ni ule gani. Ule alimuposa bibi mbele mimi nimupose, na mama mukwe alimupendaka sana.

"Beni yote iko na fundi moja tu?"

"Papa," bibi akanijibu, "mwenye anajua mbao ni ule."

Fundi akakuja. Shati ya kunyooshwa, mikono laini kama ya mwalimu. Akaomba majivu ya jikoni, akaichekecha, akaichanganya na mawese kidogo, akasugua na kidole kimoja, polepole, kufuata mistari ya mbao.

"Mukubwa, verni hapana ya kupigana nayo," akaniambia. "Unaibembeleza."

Bibi akacheka. Nikisema mimi, hacheki vile. Duara ikaisha kabisa. Bibi akainama, akajitazama sura mule ndani, akatengeneza kilemba. Fundi akamutazama. Niliona!

Fundi akanionyesha pale petroli ilipita: "Hapa mimi pia siwezi. Itaomba verni mupya." Nikafurahi kwanza, mais ni mimi nilipaharibu.

Kesho yake, bibi yuko soko, nikachemsha maji, nikatua birika ku kona ingine ya meza. Duara ikatokea. Majivu, mawese, kidole kimoja. Bibi akarudi, akanikuta nimepiga magoti, jasho inatoka.

"Angalia! Imetoka, bila mutu wa Beni."

Akainama, akaangalia muzuri.

"Ee, papa. Umesugua sawa ule fundi kabisa."

Akaenda chumbani, akatoa kitambaa chake cha kufuma, akakitandika pale petroli yangu iliua mungaro. Nikamuacha akitandike.