Miparachichi Kwenye Shamba la Wakwe

Mpaka leo nikiona mparachichi uliozaa vizuri, damu inanichemka kwanza, ndipo nakumbuka kufurahi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa na soko huria. Ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa, chama cha ushirika kimelala, duka lake limegeuzwa banda la mitumba. Mvua iliposomba mashamba yetu huku juu ya Mlali, kanisa ndilo pekee lililopanda mlima kutuangalia. Lilileta mahindi ya msaada kwa wote, Waislamu na Wakristo, na kwa hilo sitalisema vibaya. Kisha likaleta miche ya miparachichi ili ishike udongo, na hapo ndipo wazimu ulipoanza.

Mimi nilikuwa mhamasishaji wa mradi huo wa kanisa. Bosi wangu, mkurugenzi aliyetoka mkoa wa mbali na kukaa ofisini Kihonda, aliamua miche wapewe akina baba, kwa sababu baba ndiye mkuu wa kaya. Nikamweleza kwamba kwetu Uluguruni ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume analima kwa wakwe. Mahindi na maharage apande atakavyo. Lakini akipanda mti wa kudumu, amejitwalia ardhi. Alinisikiliza huku anafuta miwani.

"Dada, hizo ni mila," akasema. "Sisi tunaleta maendeleo."

Nilitamani kummwagia chai yake.

Akina baba walipokea miche, wakashukuru, wakapiga makofi. Watu wetu wana adabu mno, na hiyo nayo inaniudhi. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kusema hawezi. Waliiweka nyuma ya nyumba, mbuzi wakaila.

Isipokuwa baba yangu. Yeye alipanda, tena kwa mstari, kwa sababu mradi ulikuwa wa binti yake na hakutaka niaibike.

Mjomba, kaka yake mama na msemaji wa ukoo, alifika kabla udongo haujakauka. Baba akamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Shemeji, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu."

"Mbona unatupora?"

Baba alikuwa akilima shamba lile tangu sijazaliwa. Mjomba akasema miti ing'oke, la sivyo baba mwenyewe ashuke mlima arudi kwao, mke amwache. Nilishindwa hata kumkasirikia mjomba. Alikuwa akilinda shamba ambalo siku moja litakuwa langu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baba aling'oa miche mmoja mmoja, akailaza kivulini na kuifunika kwa majani ya mgomba. Mama alichukua jembe, akashuka shambani, akairudisha kwa mkono wake katika mashimo yaleyale, mjomba akiwa amesimama palepale anatazama. Alipomaliza, miti ikawa ya ukoo; mjomba akaitikia kwa kichwa, akaketi, akala ugali na baba. Mche uleule, shimo lilelile! Sikujua nicheke au nilie.

Yangeishia hapo ningesamehe. Lakini miti iliposhika, mkurugenzi akaja na wafadhili wa Kizungu na kamera zao. Njia nzima garini nilimsihi amshukuru mama, mwenye shamba. Akaitikia, ndiyo, ndiyo. Tulipofika akampita mama, akamkumbatia baba mbele ya mjomba na ukoo mzima.

"Huyu ndiye mkulima wetu wa mfano! Mzee, hebu simama kwenye miti yako tupige picha."

Mjomba alikuwa anamtazama baba. Baba akavua kofia, akatoka kwenye mstari wa miti, akarudi nyuma mpaka njiani.

"Si yangu, bwana," alisema. "Mimi hapa mgeni tu."

Mkurugenzi akacheka, akadhani ni unyenyekevu, akaanza kuwatafsiria wageni. Mama alikuwa mlangoni na sinia la chai aliyowaandalia. Aliliweka chini, akawapita wote, akaenda njiani kusimama na mumewe.