Wally Kruschke na Bakuli la Supu la Mama Yake

Wally Kruschke alicheza filamu nyingi kuliko mastaa kadhaa wa Berlin waliowekwa kwenye mabango, na hakuna hata moja ambamo alifika mwisho wa chumba na sinia lake salama. Bwana mwenye nyumba anambusu mke wa jirani, mlango unafunguliwa, mjakazi anaingia na vyombo, anaona, anatoa macho, na kwaraa! Vyote chini. Mjakazi huyo ndiye Wally. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina lake hawakulijua.

Mimi nililijua, maana tulipanga nyumba za ua mmoja mtaa wa Neukölln, na kule studio ndimi niliyemshonea aproni. Alikuwa mjakazi kweli hapo mwanzo, kwenye nyumba ya tajiri mmoja. Siku moja akaangusha sinia mbele ya wageni, akafukuzwa kazi, na mgeni mmoja mtengeneza filamu akamfuata hadi barabarani kumwomba aje aangushe tena. Msiniambie kuangusha sinia ni kazi ya mtu yeyote. Wally aliangusha kwa mpango. Kwanza kikombe kimoja kinateleza, anakiokoa kwa kiwiko, anafurahi, na katikati ya furaha hiyo ndipo vyote vinakwenda. Mazoezi aliyafanyia uani kwa sahani za bati, mpaka msimamizi wa nyumba akatishia kuita polisi.

Mama yake alikuwa mfuaji nguo, na alipofuka kabla binti yake hajaingia kwenye filamu. Hata hivyo hakuikosa filamu hata moja. Alivaa kofia yake ya Jumapili, tukamkalisha katikati yetu, na mpiga kinanda, aliyezipigia muziki filamu za kimya, akianza tu kule mbele, bibi ananifinya mkono.

"Hete, ameshaingia?"

"Ameingia, mama."

"Anafanya nini?"

"Anaangusha vyombo."

"Tena? Na watu wanacheka?"

"Si unawasikia?"

"Watu nawasikia," alisema. "Mwanangu ndiye simsikii."

Basi mwaka 1930 filamu za sauti zikaingia studio kwetu, na kila mtu akapata homa. Mabibi warembo wenye sauti za kukwaruza walikuja kulia chumbani kwangu na kunilowanishia hariri. Wally peke yake alikuwa anaimba kwenye ngazi.

"Shoga, mama atanisikia!"

"Utasema nini?"

"Nani kakwambia nitasema? Yangu mimi ni vyombo tu. Vikilia, mama atajua ni mimi."

Fundi wa sauti alikuwa Ewald Timm, mchumba wangu, mtu mpole mwenye masikio makubwa, kama vile Mungu alijua kazi atakayoifanya. Siku ya kwanza alijifungia kwenye kibanda chake, Wally akaingia, akatoa macho, akaangusha. Timm akatoka mbio ameziba masikio. Waliporudia kusikiliza, ulikuwa mlio mmoja mkali wa kuchana ubongo. Mtelezo, kiwiko, furaha, vyote vimemezwa humo.

Mwongozaji wetu, Bwana Lohmeyer, hakuwa mtu wa kubembeleza. "Mjakazi ataweka sinia mezani polepole," alisema. "Na kwa kuweka sinia mezani simhitaji Wally. Jumatatu tunapiga upya na msichana mwingine."

Wally alirudi nyumbani kwa miguu. Nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaniambia koleo lake ndilo lilikuwa linavunjika kila siku na hajawahi kulia kwa hilo, ila sasa angemwambiaje mama? Bibi alikwishawatangazia wafuaji wenzake wote mtaani. Niliumia sana kumwona vile, na mimi nikiumia huwa nawaka.

Harusi yangu na Timm ilikuwa Jumamosi. Ijumaa yake ilikuwa jioni ya kuvunja vyombo, ambapo jamaa na majirani huja mlangoni kwa bibi harusi na sahani zao mbovu kuzipasua chini, kwa kuwa vigae huleta bahati. Kisha bibi na bwana harusi huvifagia pamoja. Wasipofagia pamoja, hakuna ndoa ya maana hapo.

"Utafagia peke yako," nilimwambia Timm. "Wally asiporudi kwenye sinia lake, fagio mimi silishiki."

"Hete, si mimi, ni mashine."

"Basi muoe mashine."

Walikuja watu wengi, jua bado liko juu ya mapaa, bia ipo, saladi ya viazi ipo. Vyungu, sahani, visahani, hata choo kimoja cha kauri kililetwa na fundi bomba, kikashangiliwa kuliko vyote. Wally alipasua chungu cha udongo kwa uchungu wake wote. Timm alisimama pembeni ameshika fagio, ananitazama, nami natazama mawingu.

Hapo ndipo mjomba wake Timm, mzee Kuno kutoka Spandau, ambaye bia ilikwishamfikia, akatoa kikapuni chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya matango ya siki. "Kwa afya ya watoto!" akasema, akaibamiza chini.

Ua mzima ulipiga yowe. Kioo! Udongo ni bahati, kauri ni bahati, lakini kioo ni mkosi, mtoto mdogo analijua hilo.

"Wewe mzee, una akili wewe?" shangazi yangu alimfokea. "Unataka waachane kabla ya kufika kanisani?"

"Si inang'aa?" Kuno alijitetea.

Mimi nilikuwa namtazama Timm. Alikuwa ameziba masikio, kwa mara ya kwanza jioni ile. Akashusha mikono taratibu.

"Hete, vyombo vyote hivi vimepasuka na mimi nimesimama tu, sikuziba masikio."

"Kwa hiyo?"

"Wally!" aliita. "Siku ile kwenye sinia kulikuwa na nini?"

Wally akafikiri. "Bilauri. Bilauri peke yake. Bwana Lohmeyer alisema zinang'aa kwenye taa."

"Alaa!" shangazi akashika kiuno. "Yaani mtu mzima avunje kioo, halafu ashangae mkosi?"

Timm alicheka mpaka akakaa kwenye vigae, akainuka haraka kuliko alivyokaa. Nikamnyang'anya lile fagio, nikaanza kufagia, yeye akashika kizoleo.

Jumatatu Timm alimganda Bwana Lohmeyer mpaka akakubali jaribio moja tu. Lakini vyombo vya kauri tuvipate wapi? Vya studio vilikuwa vya plasta iliyopakwa rangi, vilivyotutosha enzi za kimya. Vikianguka vinasema puf. Na uani petu chombo kibovu hakikubaki hata kimoja, tulikwishavimaliza Ijumaa. Wally akafungua kabati la mama yake, akatoka na vikombe, sahani, na bakuli kubwa la supu la kauri, lenye mfuniko wake, zawadi ya harusi ya bibi.

Aliingia, akatoa macho. Kikombe kikateleza, kikaokolewa kwa kiwiko, akafurahi, na vyote vikaenda. Mfuniko peke yake ulikataa kuvunjika. Ukabiringika sakafuni ukizunguka na kuzunguka, tukiuma mikono ya nguo zetu tusicheke, mpaka ukachoka ukalala. Bwana Lohmeyer alifuta machozi. "Ibaki," alisema.

Mwezi ule Mama Kruschke aliliulizia bakuli lake kila Jumapili. "Nimemwazima Hete," Wally alisema, nami nikaitikia bila haya kwamba ndiyo, ninalo.

Siku ya filamu bibi alivaa kofia yake. Safari hii mpiga kinanda hakuwepo, na bibi hakuniuliza kitu, alinishika mkono tu. Mlango ukalia. Nyayo. Kikombe kikagongana na sahani, na bibi akatega sikio. Kisha kwaraa! Watu wakaangua kicheko, na juu ya kicheko chao ikapaa sauti ya Mama Kruschke:

"Bakuli langu la supu!"

Ukumbi mzima ukageuka.

"Mwizi wewe! Bakuli la harusi yangu!"

"Mama, nisamehe," Wally alinong'ona, amejificha nyuma ya mkoba. "Nitakununulia lingine."

"Nyamaza, mfuniko bado." Bibi aliinua kidole akausikiliza mpaka ulipolala. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye anacheka. "Nimekusikia, mwanangu. Tangu kikombe cha kwanza nimekusikia."

Filamu ilipokwisha tukamshika mikono tumwinue, akatukatalia.

"Kaeni. Nataka livunjike tena."

Tukakaa, tukalingoja onyesho la pili.