Ncha ya Shali

Shauki Abu Samra alizaliwa Iskandaria, akakulia Iskandaria, akawa kondakta wa tramu Iskandaria mpaka akastaafu, na bahari aliiogopa kama wengine wanavyoogopa nyoka. Haya, cheka. Kila mtu amemcheka, naye amekwisha kuzoea. Utotoni wenzake walimsukuma majini kwa mzaha pale kwenye miamba, wimbi likamgaragaza, akashinda kutwa anatapika chumvi. Tangu hapo hakulowesha hata kidole. Tramu yetu inakwenda sambamba na pwani lakini imejificha nyuma ya majumba, na ndiyo maana kazi ile aliipenda.

Mungu naye ana mambo yake. Mtu huyo huyo akampa Daulat.

Daulat alikuwa mwanamke wa bahari, tena bahari ya majira ya baridi. Wakati wa joto hakukanyaga ufukweni. "Hiyo ni ya watu wa Kairo," alikuwa akisema, "waache waje wakojolee humo mpaka wachoke." Wakishaondoka na miavuli yao na makelele yao, mvua ya kwanza ikausafisha mchanga, hapo ndipo alipotoa ufunguo wa kibanda. Kilikuwa kibanda cha marehemu baba yake, kimoja kati ya vile vilivyojipanga kuizunguka ghuba ya Stanli. Mlango wa kijani, ndani viti viwili, jiko la mafuta ya taa na birika, basi. Kila Ijumaa isiyo na mvua waliteremka ngazi, Daulat mbele anaimba, Shauki nyuma na kikapu.

Dhoruba zetu za baridi zina majina, na kila moja ina siku zake za kuja. Kuna ya Fagio, kuna ya Ubatizo, kuna ya Karamu. Tunazijua kama tunavyojua sikukuu. Na dhoruba ikishapita hutoka jua, na jua hilo likitoka hakuna Mwiskandaria wa kweli anayebaki ndani. Watu humwagika barabara ya pwani kutafuna mbegu za tikiti na kunywa supu ya dengu ya moto, yenye pilipili na ndimu, mpaka pua zinatiririka. Daulat alikuwa na lake zaidi. Alivua viatu, akapandisha gauni, akaingia baharini mpaka magotini. Maji ya Januari hayo! Alidai yanamtibu baridi yabisi. Uongo mtupu. Alikuwa anastarehe tu, uso wote unameremeta, anayasemesha mawimbi kama majirani waliokawia kuja kumsalimia.

Shauki hakuweza kumzuia, kwa hiyo walipatana. Daulat alikuwa na shali ndefu ya sufu, kaifuma mwenyewe. Yeye alizungusha ncha moja kwenye mkono wake, na Shauki alizungusha ncha ya pili kwenye wake, akasimama kwenye kidato cha mwisho kilicho kikavu, macho makavu pia, hapepesi. Ghuba nzima ilikuwa ikiwangoja wafike hapo ianze kuwatania.

"Shauki!" aliita Labib, mwenye kibanda cha pili, aliyekuwa na duka la dawa zamani. "Leo ng'ombe umemleta malisho gani?"

"Mwogope Mungu, Labib."

"Mwache mume wangu!" Daulat alijibu kutoka majini. "Na wewe kamba yako iko wapi? Mkeo si aliikata akaenda zake kwa dada yake kule mjini Tanta?"

Watu wakaangua kicheko, na Labib alicheka kuwazidi. Ndivyo Ijumaa zetu zilivyokwenda, miaka na miaka.

Mwaka huo dhoruba ya Ubatizo ilikuja kwa siku zake, ikapiga ikapiga, ikaondoka. Ijumaa kulikucha jua la kupendeza. Labib alikwisha kukaa mlangoni pake amevaa sweta mbili, glasi ya chai mkononi.

"Imekwisha hiyo," alitangaza, kana kwamba yeye ndiye aliyeifukuza. "Ubatizo umepita, na inayofuata bado kabisa. Leo bahari imelala fofofo."

Na sisi sote tulikuwa tumejisemea hivyo hivyo. Ndilo kosa letu, watu wa huku. Tukishalijua jina la kitu tunadhani tumekishika.

Shauki aliyatazama maji. Mawimbi yalikuwa madogo, ni kweli. Lakini hakupenda namna maji yalivyokuwa yakirudi nyuma na kuyaacha mawe wazi, yakakawia, ndipo yakaja tena. Alisikia ubaridi ukimpanda kutoka kwenye nyayo.

"Daulat, leo tusiingie. Naogopa."

"Lini huogopi wewe?"

Balaa la woga wake lilikuwa hilo, kwamba aliogopa kila Ijumaa, na hata yeye hakujua kuutofautisha woga wa leo na wa juzi. Basi akajizungushia ncha yake ya shali, akakaza.

Daulat aliingia, maji yakamfika magotini, akageuka kumcheka. Nyuma yake maji yalivutwa, mawe yakabaki wazi, na halafu bahari ikainuka. Si wimbi la kupasuka na kutoa povu. Iliinuka tu, kijivu, kimya, ikawa juu kuliko mabega yake. Shauki alifungua mdomo na sauti haikutoka. Shali ikakazika ghafla, bega likamlia ko! akang'olewa kwenye kidato kile akaangukia ndani.

Chumvi, giza, masikio yamejaa ngurumo, na utoto wake wote umerudi. Hakuwa na wazo hata moja kichwani, wala la ushujaa wala la mkewe. Alikuwa anaogopa tu, anaogopa kwa mwili mzima, na mwili uliojaa hofu ulishika kile ulichokuwa umeshika. Wimbi lilipowatupa juu ya ngazi, Labib na wenzake waliwakuta wamelala, Daulat anakohoa maji, kipaji cha uso kimempasuka, na shali imewafunga pamoja. Walipotaka kuiondoa, ngumi ya Shauki haikufunguka. Labib alivikunjua vile vidole kimoja kimoja.

"Jasiri angeachia ajiokoe," alisema kwa sauti ndogo, na hakuna aliyecheka.

Kipaji kilishonwa, bega likapona. Shauki alisali rakaa mbili za shukrani, na nisimfiche, alishukuru pia kwamba mambo ya Stanli yamekwisha. Ijumaa ya kwanza alikaa nyumbani na gazeti na kahawa yake, miguu mikavu. Raha iliyoje!

Lakini Daulat hakuimba. Alifunga madirisha ya upande wa bahari, mapazia juu yake, akahamishia kiti chake jikoni, kwenye kidirisha kinachotazama ukuta wa jirani. Bomba likifunguliwa kwa nguvu alishtuka akashika meza. Usingizini alikuwa akivuta pumzi ghafla, kama mtu anayetoka chini ya maji, na Shauki alilala macho wazi kumsikiliza, anasubiri inayofuata. Binti yao Mervat alipopiga simu kutoka Kuwait, mama alisema kila kitu ni salama, kisha akapitisha simu haraka.

Asubuhi moja Shauki alimkuta Labib mlangoni, amesimama kinyonge na kofia mkononi, na Daulat anampa ufunguo wa kibanda.

"Mpe mwanao," alimwambia. "Sisi tumezeeka."

"Mama Mervat, mimi nauchukuaje huu?"

"Uchukue tu, ndugu yangu. Sitaki kuuona."

Shauki aliunyakua ule ufunguo mkononi mwa Labib, akautia mfukoni. Alimtazama mkewe aliyekuwa akirudi jikoni kwa hatua ndogo ndogo, mkono ukutani, na hofu mpya ikamkamata, kubwa kuliko ya bahari. Aliogopa kwamba huyu wa jikoni ndiye Daulat atakayekuwa naye mpaka kufa, na yule mwingine hawakumtoa majini.

Dhoruba ya Karamu ikaja, ikapita. Likatoka jua. Shauki alifungua kabati, akatoa ile shali, imekakamaa kwa chumvi.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Stanli."

"Kufanya nini?"

"Kulowesha miguu."

Daulat alimkodolea macho. "Wewe? Umerukwa na akili, baba Mervat. Kaa chini."

Hakukaa. Laiti mkewe angalimshika koti! Njia nzima aliomba amfuate amzuie. Kwenye kona aligeuka, hakuona mtu. Mbele ya mchoma viazi vitamu aligeuka tena, hakuna. Labib alimwona akiteremka peke yake, glasi ikasimama katikati ya njia ya mdomo.

Shauki alivua viatu, akakunja soksi na kuzitia ndani ya viatu taratibu kabisa, kwa matumaini kwamba jambo fulani litatokea. Halikutokea. Alikanyaga kidato cha mwisho, akakanyaga kilicho chini yake, na maji yakamshika vifundo vya miguu, baridi mpaka kwenye meno. Akaenda hatua nyingine, na nyingine, maji yakawa magotini. Maji yakavutwa nyuma. Mawe yakabaki wazi. Na hapo Shauki Abu Samra akaganda. Hakuigiza, jamani. Miguu ilikataa kwenda mbele na ikakataa kurudi, na jasho lilimtoka kwenye upepo ule wa Februari.

"Shauki!"

Alikuwa Daulat, juu ya ngazi, koti juu ya nguo ya kulalia, viatu vya ndani miguuni, mtandio umemwangukia mabegani.

"Toka humo, mzee wewe! Toka sasa hivi!"

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Miguu imegoma. Daulat, naogopa. Wallahi naogopa."

Labib aliweka glasi chini akainuka.

"Keti!" Daulat alimfokea. "Huyo ni wangu."

Aliteremka kidato kimoja, akasimama, akaushika mdomo wake kwa mkono. Akateremka kingine. Shauki alimwona akilia waziwazi, na hakuweza hata kumwambia rudi. Alichoweza ni kunyoosha mkono wenye shali. Ncha ya pili ilikuwa inaelea mbele yake, na haikufika ukavuni.

"Laana ya Mungu juu ya siku niliyokuona kwenye tramu," alisema Daulat, akaingia na viatu vyake vya ndani.

Maji yalipompata alipiga ukelele, na Shauki naye akapiga, na njiwa wote wa Stanli wakaruka. Aliifikia ncha, akaizungusha mkononi mara nyingi kuliko zamani. Wimbi dogo likaja likawalowesha mapaja. Walishikana, wanatetemeka, meno yanagongana, wala hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumvuta mwenzake nje.

"Yanarudi," alinong'ona Daulat. "Shauki, maji yanarudi nyuma. Usiniachie."

"Nitakuachiaje?" alisema Shauki, macho ameyafumba. "Vidole vyangu huvijui?"