Ndugu Zetu Wachuma Pamba

Likizo moja nilirudi nyumbani, kijiji cha jirani na Ibadakuli, nikiwa na riwaya ya mwandishi mweusi wa Marekani kuhusu familia ya wachuma pamba. Mama hajui Kiingereza. Jioni nilimsomea kwa Kisukuma, yeye na jirani yake wakichambua pamba uani.

Nilipofika mahali ambapo maganda makavu ya pamba yanamkwaruza binti mmoja vidole hadi damu, mama alinisimamisha.

“Aliyeandika ni Mzungu?”

“Hapana, mayu. Ni mweusi kama sisi. Mababu zake walichukuliwa huku Afrika.”

Mama alivitazama vidole vyake. “Basi huyo ni wa kwetu. Maganda yanavyokwaruza ndivyo hivyo hasa.”

Jirani akaanza wimbo wa kulimia aliofundishwa na bibi yake, mama akauitikia. Sikuwahi kuusikia, nikamwomba jirani aurudie niuandike.

Kesho yake uani walijaa wanawake. Mama aliwakaribisha kwa sauti kubwa: “Kaeni, mwanangu anatusomea habari za ndugu zetu.”

Nimesoma hadi chuo kikuu, lakini sijawahi kuringia elimu yangu kama jioni ile.