Minandi wa Mwamba wa Taa

Nikisikia mtu anawalaani minandi kwa uchafu wao, huwa namwacha amalize, kisha namwambia kwamba kinyesi cha ndege hao ndicho kilichonirudishia baba yangu. Wengine hucheka. Mama hakuwahi kucheka.

Baba alifanya kazi Port Bell, kwenye boti ndogo ya bandari. Alitunza taa iliyosimama juu ya mwamba mmoja mbali ziwani, ili meli zinazobeba mabehewa ya treni zisije zikaugonga. Taa ilijiwasha yenyewe kwa gesi. Baba aliipelekea mtungi mpya na kufuta kioo, na kufuta kioo ndiko kulikokuwa na shughuli, kwa kuwa mwamba ule haukuwa na wenyeji ila ndege. Sabuni ilipoadimika madukani, ikawa bidhaa ya magendo ya kuulizia kwa kunong'ona, mama alianza kumfungia jivu la jikoni kwetu kwenye kitambaa. Kwa miaka ile meli ziliongozwa na jivu la mama, ingawa nahodha hakujua.

Mimi nilikuwa nimeolewa nikaachika kabla sijazoea kuitwa mke wa mtu. Nilirudi nyumbani Nakivubo na cherehani yangu, nikapata pembe ya kushonea sokoni Owino, na nikawa mtu wa hasira kuanzia asubuhi mpaka jioni. Baba alinivumilia, halafu siku moja akanichukua kwenye boti nikapunge upepo. Hivyo ndivyo nilivyouona mwamba.

Hapakuwa na mti wala udongo, ila majani machache yaliyochipua kwenye nyufa. Jiwe lote lilikuwa jeupe kwa kinyesi, na harufu yake ilinitoa machozi. Shakwe walitaga mayai juu ya jiwe tupu, bila hata kujisumbua kutengeneza kiota cha maana, na kenge mmoja mnene alikuwa akizunguka akiyaiba. Furukombe alitua juu ya kibanda cha taa, akatutazama, akaondoka bila haraka. Lakini wakubwa wa pale walikuwa minandi. Walikaa mamia kwa mamia, weusi, vifua vyeupe, mabawa wameyakunjua yakauke, mfano wa makadhi waliovaa joho juu ya kanzu. Baba aliwaita hivyo hivyo, makadhi.

Tulipokanyaga jiwe tu, makadhi wote waliruka. Shakwe walibaki kutupigia kelele kwa ajili ya mayai yao, lakini minandi walikwenda moja kwa moja hadi gatini Port Bell, wakajipanga juu ya nguzo na mapaa. Baba alinieleza kwamba ndivyo walivyo. Mtu akiwa mwambani hawarudi, hata akae siku nzima. Watu wa gatini walikuwa wakimgombeza kila akienda kazini, kwamba amewaletea wageni wa kuwachafulia mizigo. Naye akija nyumbani alimsimulia mama, na mama akasema ndege hao wana kiburi kama shemeji zake. Nilicheka siku ile, kwa mara ya kwanza tangu talaka yangu, na bado namshukuru baba kwa kicheko hicho.

Yaliyotupata yalianza asubuhi ya kawaida. Baba alipofungua boti, ofisa mmoja wa jeshi alishuka gatini na askari wake, wana magunia. Kila mtu alijua magunia yale ni kahawa ya magendo, na kila mtu alitazama kwingine. Ofisa alimwamuru baba awavushe. Watu wa bandari waliona boti ikiondoka na askari, na baba katikati yao. Jioni boti haikurudi. Kesho yake pia.

Katika miaka ile, mwanamume akiondoka na askari asirudi, watu walijua wenyewe maana yake. Hakuna aliyeuliza kwa sauti. Mama alikwenda ofisini bandarini, na karani akamwambia, huku akipanga kalamu zake, kwamba yeye hakuwepo kazini siku hiyo. Tulipita kituo cha polisi, tukasimama nje ya kambi mpaka tukafukuzwa. Sikulala. Nilikuwa naogopa, na hofu yangu hutoka kwa matusi, nikamtukana hata paka.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa mwalimu wa madrasa. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa na ratiba. Alikuja na wazee wa msikitini, akasema ndugu yake ametupwa majini, tusijidanganye, tumsomee hitima, naye mama akae eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura. Baba mkubwa alikwishapata hata sukari ya chai ya hitima, na kupata sukari wakati ule ilikuwa kazi ya wenye kujuana na wakubwa.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole.

"Shemeji, nikikaa eda, nani atakwenda kumtafuta?"

Baba mkubwa alisema hakuna wa kutafutwa. Mama alisema basi wao wasome hitima yao, kusoma Kurani hakumdhuru mtu, lakini yeye leso ya ujane haivai. Majirani walimwona amechanganyikiwa. Mimi mwenyewe, kusema kweli, niliona hivyo hivyo. Wanawake walikuwa uani wanamenya vitunguu vya pilau ya hitima mama aliponishika mkono, tukatoka kwa mlango wa nyuma kwenda Port Bell, bila kujua tunakwenda kufanya nini.

Gati ilikuwa nyeupe. Nguzo, mapaa, minyororo, behewa lililosimama bila kazi, vyote vilikuwa vimepakwa kinyesi, na juu yake minandi wamebanana wakisukumana. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki pale, Muganda, alikuwa amefunika karai lake kwa bati na kulalamika peke yake.

"Nyabo, hawa ndege wamehamia hapa," alimwambia mama. "Tangu siku ile boti ilienda na baserikale, hawataki kurudi kwao."

Mama alisimama. Alitazama ndege, kisha akanitazama mimi, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Yuko mwambani," alisema.

Nilikwenda mwisho wa gati. Siku hizo hakuna aliyesimama kuliangalia ziwa, maana ungeulizwa unaangalia nini, na kulikuwa na vitu majini ambavyo haikufaa kuviona. Kule mbali mwamba ulikuwa doa jeupe. Siku za kawaida ulionekana mweusi kwa ndege waliokaa juu yake. Nilikaa chini juu ya uchafu wao na kulia.

Lakini boti ya bandari haikuwepo, na mitumbwi ilikatazwa kupita upande huo bila ruhusa. Getini alisimama askari mmoja mwenye bunduki, kijana kutoka kaskazini, macho yake yamechoka. Nilimvuta mama tuondoke. Mama alimwendea, akamwambia ukweli wote: mume wake, boti, ndege. Nilifikiri ametumaliza sote.

Askari aliwatazama minandi kwa muda.

"Mama, mimi nasikia hapana," alisema. "Mimi nakwenda kunywa chai sasa. Na chai yangu iko moto sana, inachukua saa mingi kupoa."

Akatugeuzia mgongo, akaondoka polepole. Nimekutana na watu wengi wenye vyeo na elimu tangu siku hiyo, na sijaona aliyenitendea jambo kubwa kuliko chai ile. Hatukulijua jina lake. Utawala ule wa kijeshi ulipoanguka na askari wa kwao wakakimbia, watu wakishangilia barabarani, mama aliingia ndani akamwombea afike kwao salama.

Mzee mmoja mwenye mtumbwi alikubali kwenda. Hakutaka kitu ila sukari, na mama akamwahidi sukari ya hitima. Mama hakupanda. Alisema akimwona baba atapiga kelele zitakazosikika mpaka gereza la Luzira, kwa hiyo nikaenda mimi.

Baba alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kibanda cha taa. Midomo imepasuka, utosi umedonolewa na shakwe, ngozi ya shingo imebambuka kwa jua. Yule ofisa alimshusha pale, akamwambia afanye kazi yake, watampitia wakirudi. Walikwenda na boti wakapotea, na mpaka leo sijui kama waliuza kahawa yao au walizama nayo. Usiku baba alijaribu kuifunika taa kwa shati lake ili mtu aone inazimika na kuwaka, lakini mji mzima ulijifungia ndani kabla ya giza. Alikunywa maji ya ziwa na kula mayai ya shakwe mabichi, akishindana na kenge nani atayafikia kwanza.

Nilimkumbatia. Yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Umekuja na jivu?" aliuliza. "Kioo kimechafuka."

Nilimtukana, Mungu anisamehe, kisha nikambusu mikono. Tulipoondoka, kabla hatujafika mbali, minandi wa kwanza walitupita juu ya vichwa, wakirudi kwao.

Tulifika Nakivubo hitima inakaribia kwisha. Baba alivua viatu, akaketi karibu na mlango nyuma ya wote, akaitikia amina. Mzee mmoja aligeuka, akamwona, na juzuu ikamponyoka. Baba aliuliza ni nani aliyefariki. Baba mkubwa akaja kumwangukia mdogo wake kifuani na kulia mbele ya wanafunzi wake. Dua ikageuzwa ikawa ya shukrani. Baba alikula pilau ya hitima yake mwenyewe, akaongezwa, akalalamika kwamba chai haina sukari. Ilikuwa imekwenda na mzee wa mtumbwi, aliyetufuata mpaka nyumbani kuidai.

Bandarini hakuna aliyemuuliza kitu. Alipata boti nyingine baadaye, akaendelea na taa yake. Tangu hapo hakula yai tena, la ndege yeyote. Alisema shakwe walimpokea kwao akiwa na njaa, naye akala watoto wao, basi inatosha. Kila mwaka, Ramadhani ilipokwisha, mama alinunua mukene, wale dagaa wetu wa ziwani, kikapu kizima, na baba akakipeleka mwambani kuwa sadaka kwa ndege. Watu walimcheka. Mimi nilibeba kikapu.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliniona nimeolewa tena, akawashika wajukuu, akafia kitandani mwake, mchana, sisi sote tukiwa naye. Safari hii mama alivaa leso yake ya ujane bila kuambiwa, akaingia ndani, akakaa eda. Lakini asubuhi baada ya maziko aliniita karibu, akaniambia niende Port Bell kwa niaba yake.

Nilijua ninatumwa nini. Gati ilikuwa kavu na safi, na nguzo zote zilikuwa tupu. Nilitembea mpaka mwisho. Kule mbali mwamba ulikuwa mweusi kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Niliporudi mama alikuwa ameketi mkekani, uso kaelekeza mlangoni.

"Wako wapi?" aliuliza.

"Wako kwao, mama. Wote."

Alijifuta macho kwa ncha ya leso.

"Alhamdulillahi," alisema. "Waliniazima baba yako muda mrefu."