Vitanda Vyenye Plasta

Nilivunjika mguu nikishuka kwa mti wa avokado, nikiwa na miaka hamsini na nane, na bwanangu Hezekiah hajamaliza kucheka mpaka leo. Acha acheke. Mguu usingevunjika, nisingemjua Sista Makandi.

Nililazwa wiki tano katika wodi ya wanawake ya hospitali moja ndogo pale Embu, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, mguu umefungiwa mzigo wa kuuvuta. Mtu wa namna hiyo hana kazi ila kuangalia watu, na hiyo kazi mimi naiweza.

Makandi ni mtoto wa Kiirua, kule Meru kwa viazi. Mfupi, mwenye mbio, na akiingia asubuhi anasalimia wodi nzima "Muga" kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Sisi wa Embu tulimcheka, kisha tukazoea, kisha siku asipokuja tukawa tunajiuliza nani atatusalimia. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Majimbo na alikuja kwa miguu, chapati mbili ndani ya mfuko. Jioni nilimwona akirudi nazo nzima. Angekula saa ngapi? Tulikuwa wagonjwa thelathini na wanane na yeye peke yake. Rota ya zamu ilisema wauguzi watatu, lakini mmoja alikuwa amejifungua, mwingine amehamishwa, na hakuna aliyeletwa badala yao.

Mkubwa wa wodi alikuwa Sista Gladwell. Huyo nilimchukia, sifichi. Alivaa viatu vya kisigino, ko, ko, ko, ukivisikia unajikuta umenyoosha shuka. Mgonjwa hamgusi. Anatoka ofisini kuuliza kwa nini kitanda hiki kimekunjamana, na kumwambia Makandi mbele yetu kwamba watu wa Meru wana kelele kuliko kazi.

Jumatatu moja dripu ya nyanya mmoja, Ciakuthii, ilitoka kwa mshipa, maji yakaingia kwenye nyama na mkono ukavimba. Makandi alikuwa vitanda viwili kutoka pale, amemshika mama anayetapika. Gladwell akamwandikia barua: ajieleze kwa siku saba kwa nini asifutwe kazi kwa uzembe. Makandi aliisomea kando ya kitanda changu, kwa sababu hapo kuna dirisha, na machozi yakadondoka kwa blanketi yangu. Nilimtukana Gladwell kwa Kiembu, Mungu anisamehe.

Sasa, kila asubuhi saa moja wauguzi hupeana wagonjwa. Wa usiku anapita kitanda kwa kitanda na wa mchana, kisha wa mchana anatia sahihi kitabuni kwamba wote sasa ni wake. Bila sahihi hiyo, wa usiku haendi nyumbani. Ijumaa ile Makandi alipita vilevile, lakini mkononi ana plasta na mkasi. Kitanda hiki anabandika kipande kwenye chuma cha miguuni, kile anaruka. Walio hoi wote aliwachukua. Alipofika kumi na tisa akasimama, akaandika kumi na tisa, akatia sahihi.

Ko, ko, ko. Gladwell akauliza huu ni upuzi gani.

Makandi alimweleza polepole. Baba yake, Kiunga, alipakia viazi kwenye malori maisha yake yote. Anayepokea magunia hupiga alama ya makaa kwa lile alilolikubali, na lisilo na alama bado ni la aliyelileta.

"Hawa wenye plasta ni wangu, Sista, nitawaangalia mpaka jioni," alisema. "Hawa wengine siwezi, na sitaandika uongo kwamba naweza. Bado ni wako, wewe mkubwa wa wodi."

Gladwell akamwangalia muuguzi wa usiku, bwana Kathuri, aliyekuwa amesimama na begi begani. Kathuri akamsogezea kalamu. Gladwell akatia sahihi ya wale kumi na tisa waliobaki.

Na mimi je? Sikupata plasta. Wiki nne namwombea huyu msichana, halafu ananiachia Gladwell. Nilinuna mpaka chai ikapoa.

Lakini woi, ile asubuhi nilicheka. Gladwell alitafuta glavu kila mahali, kumbe alizifungia mwenyewe ofisini. Aliniuliza vikombe vya dawa huwekwa wapi, nikamwonyesha, nikawa bosi wake. Kufikia saa nne viatu vilikuwa chini ya meza, anakimbia na soksi.

Kisha nikaona mkono wa Wanja, msichana wa operesheni upande wa pili, naye hakuwa na plasta. Umevimba. Dripu. Niliita kwa nguvu, wakaja wote wawili. Makandi alifunga dripu, akatoa sindano, akainua ule mkono juu ya mto. Gladwell alisimama tu na soksi zake.

"Nilikuwa vitanda viwili tu kutoka hapa," akasema.

"Najua, Sista," Makandi akajibu. "Hata mimi."

Gladwell alienda moja kwa moja kwa Daktari Riungu, mkubwa wa hospitali, bila kukumbuka viatu. Sauti yake tuliisikia wodini, na nawaambia, watu wa Embu pia wana kelele. Aliporudi alimwomba Makandi ile barua, akaichana, akaitupa kwa ndoo.

Jumatatu wakaletwa wauguzi wawili kutoka kitengo cha wasiolazwa. Sitadanganya kwamba Gladwell amekuwa malaika, shuka bado anauliza. Lakini asubuhi hiyo sikusikia ko, ko, ko. Aliingia na viatu vya raba, wakagawana vitanda, kila mmoja na plasta yake. Makandi alipoinama kwa kitanda changu, Gladwell akamshika bega.

"Huyu niachie," akasema, akabandika mwenyewe.

Hezekiah alikuja mchana akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia ni mguu.