Ngumi za Babu

Wiki iliyopita daktari alitueleza kwamba kaka yangu, ambaye siku hizi anatetemeka mikono, anampiga mkewe akiwa usingizini, akitenda anayoyaota, kwa sababu ya ugonjwa huohuo unaomtetemesha, Parkinson. Nikamkumbuka babu yetu kule Bigwa.

Alasiri moja nyumba yake ilinukia karanga za kukaanga. Babu na bibi walikuwa wamelala mkekani, nami nikichambua mchicha mlangoni. Ghafla babu akanguruma, akamkaba bibi shingo na kumtwanga ngumi ya mdomoni. Jino likadondoka. Nilipiga kelele mpaka babu akazinduka.

Aliitazama damu. "Nani kakuumiza, mama Rashidi?"

"Umeota tena, mzee."

"Nguruwe pori alikuwa anakurarua," babu alisema huku akilia. "Nilikuwa namuua."

Sasa najua alisema kweli. Siku ile niliona ni kisingizio cha mwanamume anayepiga mke, nikamnong'oneza bibi tukimbilie kwa mama, Msamvu.

Bibi alisukutua kwa maji ya chumvi. Akanipa panga lililoegemezwa ukutani nilipeleke jikoni, kisha akajilaza palepale kando ya mumewe, akaweka mto katikati yao.